Dishi na Mashuka ya Alhamisi

Jumatatu, 3 Machi

"Ni hali ya hewa tu, dada. Mawingu yakipita, picha itarudi." Maneno ya fundi wa madishi kwenye simu leo, huku anatafuna kitu.

Si kweli. Wiki tatu hizi anga ni nyeupe kama sahani iliyooshwa. Na hata mawingu yangekuwepo – ni mawingu gani hayo yanayojua kalenda? Jumatatu picha safi. Jumanne safi. Alhamisi saa kumi alasiri, akitokea mdogo wangu kwenye televisheni, Mama anasema, uso wake unavunjika miraba miraba. Macho yanakwenda kushoto, mdomo unabaki kulia.

Nilimwambia hivyo. Akasema atakuja wiki ijayo.

"Mwambie hicho chombo kinamchukia mwanangu," akasema Mama kutoka kwenye kiti chake. Hakuwa anatania.

Mdogo wangu ni kitindamimba. Nyumbani tunamwita Kitinda. Anatangaza hali ya hewa katika stesheni ya mbali, kwa lugha ambayo Mama hajui hata salamu yake. Mama hahitaji maneno. Anautazama ule mkono, unavyopita juu ya ramani ya bahari za watu, taratibu, kama wa mtu anayetandika kitanda. Tarehe 13 ni kipindi chake cha mwisho. Baada ya hapo atafanya kazi nyuma ya kamera, na Mama, na miaka yake themanini na miwili, hatamwona tena. Simu ya Mama ni ya vitufe. Yangu ni ya picha, lakini namba ya Kitinda niliifunga mwenyewe asiweze kunipigia, miaka sita iliyopita, baada ya kuandika gazetini kwamba yeye ni kasuku wa kukodiwa, anayewatabiria wageni mvua zao.

Kipindi chake mimi sikitazami. Alhamisi saa kumi huwa nina kazi zangu juu ya paa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamua kutomsubiri fundi. Nimesoma kitabu cha maelekezo mwanzo hadi mwisho. Kimeandikwa vibaya, aya ya tatu inaipinga aya ya kwanza. Lakini nimejifunza jambo. King'amuzi hupima vitu viwili: nguvu na ubora. Nguvu inaweza kuwa kubwa nawe usione kitu, kwa sababu kelele nayo ni nguvu.

Leo: nguvu 81, ubora 66. Nzuri.

Nimefungua viungo vya waya, nimefuta kutu kwa kitambaa, nimevifunga tena. Nimekibadilisha kipande cha waya kilichogugunwa na panya. Halafu nilikaa tu pale juu ya paa. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya matangi ya maji. Nilifikiria ile picha inasafiri kilomita elfu thelathini na sita, bila mlango, bila mtu wa kuiuliza inakwenda wapi, inakuja kutua katika bakuli hili la bati lenye kinyesi cha njiwa. Mkono wa Kitinda humo ndani. Vidole vyote.

Nilisahau kushuka.

Alhamisi, 6 Machi

Saa kumi na dakika tatu, nguvu 80, ubora 12. Mama aliniita kutoka chini mara mbili. Nilikuwa naanika mashuka. Nilipofika sebuleni kioo kilikuwa cheusi, na Mama amekishika kwa viganja viwili, kama anayempasha mtu joto mashavu.

Nikarudi juu, nikalitazama dishi linakoelekea. Nikapata jibu! Linaelekea moja kwa moja kwenye ghorofa mpya ya jirani yetu mshonaji. Mwaka jana haikuwepo. Nimemwandikia barua, kurasa mbili, kuhusu ukuta, ujirani na haki ya mama mzazi kumwona mwanawe. Ni barua nzuri. Ina hoja tano.

Ijumaa, 7 Machi

Mshonaji amekuja mwenyewe, tepu ya kupimia shingoni. Anasema barua ameisoma kwa furaha, na karatasi ni ngumu sana, imemfaa kukatia kiolezo cha kola.

"Lakini, Mwandishi, ukuta wangu upo Jumatatu pia. Au Jumatatu huwa unakaa chini kupumzika?"

Mama alicheka hadi akakohoa.

Jumapili, 9 Machi

Nimeota niko ndani ya ramani. Upepo wenye mishale ya bluu. Mkono unapita juu yangu, mkubwa, unanilainisha mikunjo.

Sikuandika kitu leo. Makala ya gazeti imelala.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi amefika. Nilimwonyesha ukuta wa mshonaji. Akainama, akalitazama dishi kwa ubavu.

"Dada, dishi la aina hii halitazami kule uso wake ulikoelekea. Linatazama juu zaidi. Ule ukuta linauruka bila hata kuugusa."

Kwa hiyo hoja zangu tano zimeanguka pamoja.

Akashika bomba la dishi, akalitikisa. Akafuata kwa kidole kamba iliyofungwa pale, hadi upande wa pili wa paa.

"Na hii?"

"Ya kuanikia nguo."

"Unaanika siku gani?"

Alikuwa kijana mwenye adabu. Alisubiri huku anafuta spana kwenye suruali.

Mashuka sita, yamelowa. Kila Alhamisi, saa kumi kasoro robo. Tangu Mama alipohamia kwangu na kile kipindi kikahamia naye, nimekuwa nikipanda na beseni ili nisiwepo sebuleni. Na yale mashuka yanalivuta bomba, kidogo tu, upana wa unyoya, na unyoya huo huko juu ni kama nchi nzima. Yakikauka ndipo picha ilipokuwa inarudi.

Mimi ndiye niliyekuwa namvunja uso.

Fundi alikata kamba. Alipoikaza nati ya zamani, ikapasuka mkononi mwake kama biskuti. Kishikio kipya cha saizi ile kitafika Jumamosi. Alhamisi, anasema, mtu alishike bomba kwa mikono na mwingine amsomee ubora. Hakuna njia nyingine.

Nimemwambia Mama yote. "Nilijua unamkimbia," akasema. "Sikujua unakimbia na beseni."

Jumatano, 12 Machi

Mshonaji amejitolea kushika dishi. Amesema mikono yake imezoea kukaa kimya saa nzima juu ya kitambaa. "Wewe kaa na mama yako, umwone mdogo wako."

Nikakataa. Nilimpa sababu za upepo, za uzito, za uzoefu wangu na lile paa. Niliongea kama dakika kumi. Alisikiliza, kisha akasema sawa, atakaa dirishani kwetu kunisomea namba.

Mama alikuwa anapiga pasi kitambaa cha kichwa, kile cha wageni.

Alhamisi, 13 Machi

Saa kumi nilikuwa nimelikumbatia bomba, shavu kwenye bati. Bati lilikuwa na joto. Mshonaji anasoma kutoka chini: "Thelathini. Hamsini. Hapo hapo. Sitini na nne – usipumue."

Karibu nisipumue kabisa. Niliona paa zote za mtaa, madishi yote yameinua nyuso, na nikawaza kwamba mdogo wangu anapita katikati ya mikono yangu wakati huu, na mimi ni mtu pekee asiyemwona. Ilikuwa raha ya ajabu. Dakika ishirini na tano.

Kisha mshonaji akaita, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwandishi, ameacha ile lugha yao. Anaongea lugha yetu. Anamsalimu mama yake."

Nikashika.

"Anasema ana neno kwa dada yake."

Mkono ukaruka. Nilihisi bomba likizunguka, upana wa unyoya. Kisha mshonaji, taratibu: "Kumi na mbili."

Nilipoirudisha picha, mshonaji alisema ni tangazo la sabuni.

Mama hajaniangalia tangu hapo. Ameketi mbele ya kioo, kile kitambaa kichwani. Nilimuuliza alisikia nini. "Nilisikia 'dada'," akasema. "Mengine uliyachukua wewe."

Kitinda. Nimeifungua namba yako saa kumi na moja na robo. Nimeiweka simu mezani, mbele ya Mama, nami nimekaa kando yake. Juu ya paa hakuna mtu. Usiandike, usimtume mtu. Piga, na uliseme tena lile neno, lote, hata kama ni baya.