Mgonjwa Aliye Macho

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na cherehani yako haijambo. Mimi afya ninayo, ila aibu imenivaa.

Unajua niliacha kazi ya nusukaputi nisomee udaktari msaidizi, niwe napima na kutibu, si kulaza watu tu. Jana tukajaribiwa kwa mgonjwa wa kuigiza, analalamika tumbo. Mimi kwa mazoea nikamlaza, nikamwambia avute pumzi polepole na ahesabu. Akahesabu mpaka hamsini, kisha akauliza, "Niendelee?" Darasa zima halina mbavu.

Mwalimu hakucheka. Kasema nauliza maswali bila kungoja jibu. Marudio ni Aprili. Nikifeli naondolewa chuoni, na kule chumba cha upasuaji nafasi yangu imeshapata mtu. Naogopa, shangazi.

Mwanao

12 Februari

Bwana Usingizi,

Marahaba. Mimi sijambo, cherehani ndiyo ina mafua.

Nimecheka mpaka nikajidunga sindano! Miaka yote wagonjwa wako wamelala fofofo, kusikiliza ungejifunzia wapi? Basi usihangaike, mwenye maneno mengi unaye nyumbani. Kuanzia leo nakutungia ugonjwa baruani, wewe uutafute.

Haya, daktari. Goti linauma mvua ikikaribia. Jirani kanunua redio, haizimi. Kichwa kinagonga kila jioni. Bibi harusi mmoja anataka gauni la kubana, na mwili anao. Naumwa nini?

Shangazi yako

20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mafua ya cherehani yamepoa?

Hilo ni shinikizo la damu. Au baridi yabisi. Au yote mawili. Nikuandikie dawa?

Mwanao

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Cherehani imepona, wewe bado. Kinachoniumiza kichwa ni redio ya jirani! Nilikuambia, ukairuka. Haraka haraka haina baraka.

Jaribu tena. Mgongo unawaka nikiinama kukata kitambaa. Bibi harusi kaja kupimwa upya, kaongezeka. Jagi zima la maji namaliza kabla ya adhuhuri na kiu iko palepale. Tundu la sindano silioni, namwita jirani anitungie uzi, angalau analipia kelele za redio yake. Gauni langu la kijani linanipwaya, nimerudi usichana. Haya, sema.

Shangazi yako

9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mgongo ni wa kuinama, na huo ndio ugonjwa uliotunga. Kiu, macho na kukonda hukuvitunga. Umeviandika kwa utani tu, na mimi sicheki.

Nakuomba uende kituo cha afya wakupime sukari. Sina hakika, ndiyo maana nakusihi. Nenda leo, bibi harusi atasubiri.

Mwanao

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua mbili nimekuandikia, hujajibu hata moja. Kimya chako kinanitesa.

Leo nimefanya marudio. Mgonjwa alikuwa mzee mmoja, nikamuuliza, "Nini kimekuleta, baba?" kisha nikanyamaza. Alianza na kikohozi, akaingia habari za mkewe, na alipoona bado namsikiliza akataja damu kwenye choo. Nimefaulu! Lakini sijafurahi sawasawa. Nisipopata neno lako wiki hii, nakuja.

Mwanao

5 Aprili

Daktari wangu,

Marahaba, marahaba tena! Nimepiga vigelegele mpaka muuguzi kanikemea.

Ndiyo, nimelazwa. Sukari ilikuwa juu hata waliopima wakapima upya. Nilinyamaza kusudi, nisikuharibie mtihani, unisamehe. Sasa imeshuka, kesho narudi nyumbani. Chai bila sukari ni adhabu, lakini nainywa.

Daktari wa hapa kauliza nani kanipima mara ya kwanza. Nikamwambia hakunipima mtu, mtoto wa kaka yangu alinisikiliza tu. Nikalia kidogo, kwa furaha.

Mama wa kitanda cha pili anaumwa, na hakuna anayeelewa nini. Nimempa kalamu. Barua yake hii hapa, kurasa tisa. Usiruke hata mmoja.

Shangazi yako