Mama, Ulimwambia Hujala

Mama,

Shikamoo. Sijui marahaba yako itanifikia kwa njia gani, lakini kuanza bila kukuamkia nimeshindwa, hata leo ambapo nimekuja na hasira. Na hasira ninayo, nisikufiche.

Keshokutwa napanda treni ya Mwanza. Nimeitwa kwenye usaili wa chuo, nikikubaliwa nikasomee usingizi, ile kazi ya kulaza watu thieta wasisikie kisu. Nafasi ni chache, walioitwa ni wengi, na mimi siamini hata kidogo kwamba nafasi zote bado ziko wazi. Mwenzangu wa wodi ya wazazi ameitwa pia. Juzi nimemkuta sokoni ananunua mashuka ya bweni. Nikamuuliza, mashuka kabla ya usaili? Akasema, "Ni imani tu, dada." Imani gani hiyo inayojua vipimo vya kitanda?

Mimi sina mjomba ofisini popote, unajua. Ada ya uuguzi niliitoa kwenye karanga na michembe ya viazi vikavu, nikikimbia kando ya mabehewa pale stesheni ya Kigwa na sinia kichwani. Hakuna wa ukoo aliyeniuliza nimekula nini. Leo wote wananiita "nesi wetu".

Lakini hayo siyo yaliyonikalisha niandike. Kuna mtu ananiandaa kwa usaili huu, na mtu huyo ni Mzee Kondo.

Ndiyo, yeye mwenyewe. Yule yule aliyekulaza usingizi siku ya kukutoa tezi la shingo, ukatapika ungali umelala, matapishi yakaingia mapafuni, na wodini hukurudi tena. Ukoo mzima unasema ndiye aliyekuua. Mimi kwa mdomo sijawahi kusema, ila moyoni nimesema kila siku. Nimepiga hesabu ya uzito wako na dawa aliyokupa, nikarudia kwa kalamu, nikarudia kwa kichwa. Kila mara jibu lilikuja kwamba dawa ilikuwa sawa, na kila mara nilizidi kumchukia, maana sikuwa na pa kumshikia.

Na msibani kwako alinitia shaka zaidi. Yeye Mzaramo, sisi Wanyamwezi, ni watani wetu tangu enzi za babu zetu kupeleka pembe pwani kwa miguu. Mtani akija msibani anafanya fujo: anaficha mwiko, anadai alipwe ndipo maiti itoke, watu wanacheka na machozi yao. Huyu alikuja akakaa na wanaume motoni, hakufungua mdomo. Wanawake wakanong'ona, "Mtani gani huyu? Huyu kuna kitu kimemkaa." Neno hilo nililiweka.

Utaniuliza, sasa kwa nini nimemwendea? Kwa sababu hospitali yetu nzima mtu wa usingizi ni yeye. Ujuzi uko kichwani mwake nami nauhitaji. Namwamkia, nachukua, naondoka. Jioni baada ya zamu tunakaa kwenye benchi nyuma ya dobi, ananipiga maswali.

"Mnyamwezi, mgonjwa ana kilo sitini, dawa miligramu mbili kwa kilo."

"Mia na ishirini."

"Chupa ina hamsini kwa kila mililita. Unavuta ngapi?"

"Mbili nukta nne."

Anatikisa kichwa. "Hesabu unazo. Masikio huna. Mmezoea kubeba mizigo bila kuuliza ndani kuna nini."

Kisha, kila tunapokaribia kuagana, ananiuliza swali moja lile lile: mgonjwa anakwambia hajala, unafanyaje? Nikamjibu namuuliza tena. "Umefeli." Namuuliza kwa lugha ya kwao. "Umefeli kwa Kinyamwezi." Nawauliza ndugu zake. "Hapo umefeli vibaya zaidi."

Nikajua anachotafuta. Anataka kujisafisha kwangu, nimwambie kwa kinywa changu kwamba kosa lilikuwa la mgonjwa aliyeficha kuwa amekula. Na mimi nilikuwepo! Ndimi niliyekusukuma na kitanda mpaka mlango wa thieta, nikiwa na sare yangu. Nilimsikia akikuuliza, "Bibi, umekula au kunywa chochote tangu jana usiku?" Nikakusikia ukimjibu, "Sijala, mwanangu." Kwa hiyo jioni ile nikamlipukia pale kwenye benchi. Nikamwambia mama yangu hakuwa mwongo.

Akaniangalia. "Sijasema mama yako. Nimesema mgonjwa." Akaokota kofia yake akaondoka.

Jumapili nikaenda Kigwa kuchukua cheti changu cha kidato cha nne kwenye sanduku lako. Mama mdogo akanipokea. Mke mwenzio unamjua, na unajua tulivyoishi naye tangu Baba afariki na nyie mkagombea lile jaruba la mpunga. Wewe mwenyewe ndiwe uliyenifunza: kitu cha jiko lile usitie mdomoni. Basi akaniwekea wali, akaonja kijiko cha kwanza yeye ili nione hauna neno, akasubiri. Nikasema, "Nimeshiba, mama mdogo."

Akacheka, kicheko kibaya. "Na wewe umeshiba? Mama yako angalau alikula."

Nikamuuliza, alikula lini? Wapi?

Akanieleza. Alisikia unapasuliwa, akapika, akafunga hotipoti kwenye kanga, akaja na treni ya alfajiri. Wauguzi waliokukataza kula walikuwa wamekuja jioni iliyotangulia, yeye hakuwepo. Kibao cha kitandani cha "asile kitu" hakujua kukisoma. Akafungua hotipoti mbele ya wodi nzima, akaonja, akakunyooshea kijiko. Mama wa kitanda cha pili akasema, "Jamani, wake wenza wanaopendana hivi bado wapo?" Anasema ulikitazama kile kijiko muda mrefu. Kisha ukala. Ukamwambia, "Wali wako mtamu, mwenzangu." Alirudi Kigwa analia kwa furaha, anasema, abiria wakadhani amefiwa. Siku ya pili akafiwa kweli.

"Nilisikia msibani kwamba alitapika," akaniambia. "Nikajua. Nikanyamaza. Ningesema, ningelala wapi, mwanangu?"

Ana macho mekundu ya moshi wa miaka yote ya kuni. Mwanamke wa umri wake huku kwetu akishatajwa kwa jina la mchawi, unajua anachofanywa.

Nisikudanganye, njia nzima ya kurudi nilimshuku. Kwa nini siku ile? Kwa nini asubuhi ile? Nilimgeuza huku na huku kama ninavyogeuza hesabu isiyofunga. Lakini alionja. Lakini ndiye aliyenieleza mwenyewe, na angeweza kufa nalo. Nilipomtoa yeye, na nilipomtoa Mzee Kondo, alibaki mtu mmoja aliyejua kila kitu. Ni wewe, Mama. Uliambiwa usile, ukala. Ukaulizwa, ukakana mbele yangu. Nimetembea na chuki ya mtu mwingine muda wote huu, na wewe umelala Kigwa umenyamaza.

Ndiyo hasira niliyokuja nayo. Nimeikalia siku kadhaa, ikaanza kunigeukia.

Maana ungemwambia nini? "Nimekatazwa kula"? Miaka yote ulikuwa unamwambia nimeshiba, tumbo linauma, nimefunga. Hiyo ya daktari ingekuwa moja tu zaidi, na safari hii mbele ya wodi. Angeshuka stesheni na hotipoti iliyojaa, kijiji kizima kingeona wali uliokataliwa na mtu anayekwenda kisuni, na ungekuwa umemwita mchawi bila kufungua mdomo. Na pale mlangoni, ungesema umekula wakuulize nani kakulisha, nani alikuwa amesimama pembeni? Mimi, na mdomo wangu huu. Uliniangalia kabla ya kujibu. Nakumbuka. Nilidhani unaogopa kisu.

Jumatatu nikamfuata Mzee Kondo. Sikumwamkia hata vizuri. Nikamuuliza, "Kilichotoka mdomoni mwa mama yangu kilikuwa nini?"

"Wali."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nani alimpa? Aliyempa ana kwake, na kwake nyie ndio mnakujua. Mimi mkisema nimeua, nitaamka kesho niende kazini."

Ni maneno mazuri. Mimi maneno mazuri huyaangalia chini yake kwanza. Nikamwambia kimya hicho kilimfaa na yeye, maana hakuna aliyemuuliza kwa nini alikuuliza mbele ya binti yako, haraka haraka, kitanda kikiwa kinatembea. Mzaramo yule hakutania. Akasema, "Hilo nimejiuliza kabla yako. Sasa umeanza kujibu swali."

Bado nina neno naye, Mama. Lakini ukoo nitauambia kwamba Mzee Kondo hakukosea dawa, hesabu nimepiga mwenyewe. Kwa hesabu wananiamini. Wakiuliza basi kosa lilikuwa wapi, nitasema mapafu, na hapo nitafunga. Jina la mama mdogo halitatoka kinywani mwangu, si Kigwa, si Mwanza, si mbele ya meza ya wasaili. Wali wake alinifungia, nami nimeula nilipofika. Ulikuwa umepoa, na ulikuwa mtamu kama ulivyosema.

Na wasaili wakiniuliza mgonjwa asemaye hajala nitamfanyaje, hiki ndicho nitakachowajibu. Nitasimamisha kitanda. Nitawatoa ndugu wote nje, hata mwanawe, hata kama mwanawe ni nesi. Nitafunga mlango. Sitamuuliza kama amekula. Nitamuuliza, "Nani amekuja kukuona ambaye usingeweza kumkatalia?"

Huenda jibu hilo kwenye karatasi yao ya alama halipo. Huenda wakanirudisha. Nikirudishwa nitaomba tena mwaka ujao, na jibu litakuwa hilo hilo. Nakuahidi, na wewe ahadi zangu unazijua, sitoi nyingi.

Kwaheri, Mama. Mimi ninayeshuku kila mtu, nimekufikiria na wewe: ningekuwa nimebaki nawe peke yetu, mlango umefungwa, ungeniambia? Nadhani ungenidanganya tena, kwa ajili ya mwenzio. Basi ningekaa ukingoni mwa kitanda chako, niwaache wale wa thieta wakiita, nikusubiri.

Mwanao,
Nyamizi