Papasi wa Banda la Boma

Jumatatu, 6 Mei 1907

Papasi tena. Asubuhi nzima nimepiga magoti ndani ya banda la vibarua, nachokoa nyufa za sakafu kwa kijiti. Wamejaa. Wamejificha kwenye vumbi kama kunde kavu, ukiwagusa wanakunja miguu. Nimewatia koponi nikampelekea Bwana Daktari. Akafurahi mno. Huyu mtu hufurahia vitu vya ajabu.

Jioni akaniita nichungulie hadubini. Tone la damu ya kibarua mwenye homa. Ndani yake vidudu vyembamba vimejisokota, vinachezacheza. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Papasi humuuma mtu aliyelala chini, vidudu huingia mwilini, homa humshika. Anayelala kitandani huwa salama. Anayelala nje, mbali na banda, huwa salama. Basi. Hakuna zaidi.

Zuhura alilala chini humo humo. Mke wangu. Mwezi wa pili, mimi niko safarini upande wa Namtumbo na Daktari huyu huyu, Akida Sefu alimfungia bandani kwa sababu kaka yake Zuhura alikuwa bado porini na hajasalimu amri. Niliporudi nilikuta kaburi. Nikaambiwa ni homa, amri ya Mungu. Nikakubali.

Leo sikubali tena.

Jumanne, 7 Mei

Daktari ameandika habari za papasi kwa Kijerumani, karatasi nyingi. Zitakwenda Ulaya kuchapishwa. Jumapili atawasomea Wazungu wenzake hapa bomani.

Nikamuuliza, na watu wa hapa tunawaambia lini? Akasema kwanza zichapishwe. Tena Bwana Mkubwa wa boma hataki. Watu wakilala nje watatoroka kazi ya barabara. Na tangu vita, mtu akikutwa amelala porini huhesabiwa mwasi.

Kwa hiyo wanajua, na watanyamaza. Alhamisi ya wiki ijayo wanaletwa vibarua wapya, wanawake kwa wanaume, kutoka kijiji cha wakwe zangu. Mama yake Zuhura yumo. Watalala bandani.

Leo sikumpa Daktari papasi wote. Kopo moja nimebaki nalo. Nina mtu wangu wa kumpelekea.

Ijumaa, 10 Mei

Nilingoja Akida aende kuswali. Mungu anisamehe, swala ya Ijumaa nimeikosa kwa ajili ya kitanda cha mtu mwingine.

Nyumba yake naijua, Daktari hunituma huko mara kwa mara. Kopo nimelificha chini ya kanzu. Nia yangu ilikuwa kuwamwaga papasi kwenye godoro lake, waanze kazi usiku huu huu. Nilishamwona akitetemeka. Nilishamsikia akimwita mama yake. Nimekaa na picha hiyo siku tatu, imeninenepesha.

Nikafika kitandani. Miguu minne ya kitanda, kila mguu umesimama ndani ya kopo la mafuta ya taa. Sakafu imemwagwa majivu pembe zote. Kitanda kimesogezwa mbali na ukuta.

Nikasimama kama mjinga. Mjakazi wake akaingia na ufagio. Nikamwuliza makopo hayo ya nini. Akasema bila kufikiri: "Ya papasi. Tangu mwaka jana, kabla ya mvua. Bwana Daktari alimwambia mwenyewe, alipokuja kuomba ruhusa ya kuchimba bandani."

Kabla ya mvua. Zuhura alifungiwa mvua ikinyesha.

Alijua. Alijua, akaenda kulala juu ya makopo yake, na ufunguo wa banda ukiwa mfukoni.

Nimerudi na papasi wangu. Hawana maana tena. Wakimuua kimyakimya hakuna atakayejua kwa nini. Namtaka afe mchana, macho ya watu yakimtazama. Au aishi, lakini wote wajue.

Jumapili, 12 Mei

Daktari amesoma. Nilikuwa pale, kazi yangu kushika taa ya hadubini. Wazungu walichungulia mmoja mmoja, wakapiga makofi. Bwana Mkubwa akatoa amri pale pale: hema za Wazungu zipigwe mbali na vibanda vya wenyeji. Yamekwisha, wakaenda kula.

Mchana nikaenda kwa wakwe. Kwa mila ya Kingoni mimi na mama mkwe hatutazamani usoni. Nikakaa nje, mgongo ukutani, yeye ndani. Nikaueleza ukuta habari zote. Nikasema msilale chini mkifika kule, kataeni, semeni lolote.

Akajibu kutoka ndani: "Baba, hata wale wa maji walikuja hivi hivi. Walisema ukifanya hivi hufi. Wanangu wawili walifanya. Wako wapi?"

Nilitaka kumwambia hii si dawa, hii imeonekana kwa macho. Kwa macho ya nani? Yangu na ya Wazungu. Hata mimi nisingeamini.

Nina hasira na kila mtu leo. Na waliotupa maji, na waliotupiga risasi, na huyu mwenye hadubini anayetunza uhai wa watu ndani ya karatasi zake.

Alhamisi, 16 Mei

Nitaandika leo hii hii.

Vibarua wamefika asubuhi. Wakakalishwa uwanjani mbele ya boma. Bwana Mkubwa kwenye kiti, Akida Sefu pembeni yake na kilemba kipya. Bwana Mkubwa anasema Kiswahili, mimi nakigeuza Kingoni. Yeye Kingoni hakijui. Akida ni mtu wa pwani, miaka yote hii hajajifunza hata kuomba maji.

Bwana Mkubwa akasema habari za barabara. Nikageuza. Akasema habari za kodi. Nikageuza. Akasema mtalala bandani, atakayelala nje ni mwasi. Hapo nikasema yangu. Nikasema: ndani ya banda hilo kuna papasi, papasi hao ndio homa, Daktari ameona, Wazungu wote wameambiwa Jumapili, ninyi hamkuambiwa. Zuhura aliuawa na sakafu hiyo. Akida alijua. Kitanda chake kimesimama ndani ya mafuta ya taa.

Nilisema kwa sauti ile ile ya kodi. Hakuna aliyetikisika. Wakanitazama tu. Nikaona nimejiponza bure, hawaniamini.

Ndipo mama mkwe akasimama. Mbele yangu, uso wazi, jambo ambalo halifanyiki. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, moja kwa moja kwa Bwana Mkubwa:

"Shikamoo Bwana. Sisi tutalala humo. Lakini tunaogopa. Baba Akida alale na sisi usiku mmoja tu. Chini, pale pale. Akiamka, tumekubali, hatusemi tena."

Bwana Mkubwa akacheka. Akaona ni neno dogo, la wazee waoga. Akamwambia Akida, haya, lala nao, kazi ianze kesho bila makelele.

Akida akasema ana wageni nyumbani. Bwana Mkubwa akasema wageni watangoja. Akasema mgongo unamuuma. Bwana Mkubwa akaacha kucheka. Akamwamuru aende mpaka mlangoni. Akaenda. Akashika kizingiti. Akatazama ile sakafu. Miguu ikakataa. Watu wote wanamtazama, naye jasho linamtoka na baridi yote hii ya Songea.

Hakuingia.

Basi wakaamini. Wakanyanyuka wote pamoja, bila kelele, wakasogea mbali na banda. Nimeishi kuona hilo.

Ijumaa, 17 Mei

Hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa maneno niliyoongeza uwanjani. Nimelala kifudifudi naandika.

Daktari alikuja kutazama mgongo wangu. Si kwa huruma. Amekasirika. Anasema nimeiba kazi yake kabla haijachapishwa. Mimi nimeiba! Papasi wenyewe wametoka kwenye sakafu aliyofia mke wangu.

Hatanifukuza. Hana mwingine anayejua Kingoni na hadubini.

Jumanne, 21 Mei

Vibarua wanalala nje, moto katikati, askari wamewazunguka wasitoroke. Bwana Mkubwa amekubali, maana kazi haikuanza mpaka alipokubali. Habari zimeshavuka mito. Vijiji vya mbali vinatengeneza vitanda vya miti, hata vya watoto. Hakuna aliyesoma karatasi yoyote.

Na Akida? Bwana Mkubwa hasahau kuaibishwa mbele ya watu. Amemfungia bandani siku tatu kwa kukaidi amri. Ametoka leo. Nilisimama njiani ili anione namwona. Sikuficha furaha yangu.

Jumatano, 29 Mei

Akida ana homa. Daktari amenituma nikachukue damu. Nikamchoma kidole, nikachoma zaidi ya inavyotakiwa. Vidudu vimo, vingi, vinacheza.

Alinishika mkono akaniomba maji. Nikampa. Mkono wake ulikuwa moto kama chungu.

Jumatatu, 3 Juni

Baridi. Ukungu haukuondoka mpaka adhuhuri.

Daktari yuko safarini. Nimekwenda peke yangu kwa Akida. Homa imemwacha. Amekaa barazani, amekunywa uji, anacheka na mjakazi wake. Ameninyooshea mkono. Anasema alhamdulillahi, amepona, wiki hii anaanza safari ya kurudi kwao pwani, hataki tena nchi hii.

Homa hii haiishi hivyo. Daktari alinifundisha. Huondoka siku chache, mtu akaanza kula na kutembea, kisha hurudi, na mara ya pili humkuta mtu hana nguvu. Mwenye kuijua hukaa kitandani, hujifunika, hangoji kukutwa njiani.

Akaniuliza, wewe kijana wa Daktari, nimepona kweli?

Nikamtakia safari njema.