Kobe Aliyetikisika

Dada yangu,

Salamu zako zimefika. Huku bustani ya wanyama bado tupo. Simba analala kutwa, nami namwonea wivu. Wageni wanataka niwapige naye picha akiwa ameamka. Nawaambia mheshimiwa yuko mapumzikoni.

Umeniuliza kwa nini picha ninazokutumia siku hizi zina ukungu. Wateja nao huniuliza hivyo hivyo, na mimi huwajibu kwamba mnyama alitikisika. Jibu hilo limenisitiri muda mrefu. Juzi mama mmoja alikuja kuchukua picha niliyompiga mwanawe akiwa kando ya kobe. Akaitazama, akanitazama.

"Mzee, na kobe naye alitimua mbio?"

Watu wakacheka, nikacheka nao. Kisha nikaenda kwa daktari wa macho. Amesema jicho la kulia limekwisha, la kushoto linafuata, na dawa hakuna.

Usilie, na mama yetu usimwambie kwanza. Kamera nimeshamwachia mwenzangu. Nakuja wiki ijayo. Nikifika, usikimbilie jikoni. Kaa mlangoni penye mwanga, nikutazame mpaka nishibe.

Ni mimi,
mdogo wako.