Safu ya Mama Uliyoiacha Nje ya Mpaka

Kaka yangu,

Shikamoo. Naitanguliza kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa sababu leo unaistahili. Nasikia huko Nairobi wanakuita mtaalamu. Mimi sina jina zuri la kukuita, na barua hii naiacha wazi, yeyote wa hapa Kibuyuni atakaye kuisoma aisome, ila mama, kwake bado.

Unalikumbuka boksi la biskuti? Tulikuwa barazani kwetu, mimi niko kidato cha pili, wewe umerudi kutoka chuoni na ile laptopu yenye bawaba iliyovunjika. Nilikuuliza kompyuta inajuaje kutochora nje ya dirisha lake. Ukakata tundu la mraba kwenye boksi, ukaliweka juu ya daftari langu, ukanipa kalamu. "Haya, chora utakavyo." Nikachora ovyo ovyo. Ulipoliinua, daftarini palibaki mraba mmoja tu wa wino, kingo zimenyooka.

"Huo ndio mpaka wa kuchora," ukasema. "Waiambia programu: rangi ionekane hapa tu. Cha nje utakichora, lakini hakuna jicho litakalokiona. Na ukimaliza, ondoa boksi. Usipoliondoa, vyote vifuatavyo vitakatwa na tundu lile lile."

Nilicheka hadi mama akatoka jikoni kutazama kuna nini. Siku ile niliamua nitakuwa kama wewe.

Kisha mawimbi ya kusi yakang'oa mambo, vile vigingi vya kufungia kamba za mwani mashambani, na kina mama wakaanza kugombania ploti. Kikundi chao kikakuomba uwachoree ramani. Maji yalipokupwa tukaenda sote, wewe na simu ya kupimia, mimi naandika majina. Mama alitangulia, leso kaifunga kiunoni, akatuonyesha pembe zake nne kwenye safu ya mwisho kando ya mkondo, safu aliyoilima peke yake. "Hapa ndipo nilipowasomeshea," akasema. Ukapima, nikaandika.

Siku ya mkutano ramani ikawashwa ukutani, wageni wa mradi wa mwani wamekaa mbele. Safu zote zilionekana ila ya mkondoni. Mama akasimama.

"Mwanangu, hebu tazama vyema. Mimi niko kule mkondoni."

Na wewe, mbele ya watu, ukamjibu, "Mama, kompyuta haisemi uongo. Labda umesahau."

Watu wakacheka. Mama akaketi, akajifunika leso vizuri. Mahali pake wakampa Bi Mwanakombo, ambaye hakuwa na ploti wala hana kosa lolote. Nami nilinyamaza, nikidhani ni mimi niliyesahau kuliingiza jina. Hilo ni langu na ninalikiri. Wewe wageni wale walikupenda, wakakupa kazi, ukaondoka.

Juma lililopita mwenyekiti aliniomba niongeze wanachama wapya, nikaifungua programu yako. Jina la mama limo. Ploti yake imechorwa, pembe zote nne. Lakini juu yake kuna mpaka uliouweka kwa ajili ya safu za upande wa pwani, na hukuuondoa. Boksi uliliacha juu ya daftari. Kwanza nilikuonea huruma, maana kosa hilo hata mimi nimelifanya mara nyingi. Ndipo nikaona maneno uliyojiandikia pembeni: "Mpaka haujaondolewa, safu ya mkondoni haionekani. Nitarekebisha baada ya mkutano." Tarehe yake ni ya siku moja kabla ya mkutano.

Ulijua! Mama amesimama anakuomba utazame vyema, nawe wajua fika, ukajitia hamnazo ili wageni wasione kasoro. Nina hasira nawe, kaka.

Wajua mama yukoje sasa? Hajakulaumu hata mara moja. Amejilaumu yeye. Chumvi akishatia, aniita nionje, hana hakika kama ametia. Jana alikaa kwenye msala akaniuliza, "Hebu niambie, mwanangu, adhuhuri nimeswali?" Alikuwa ametoka kutoa salamu. Mwanamke aliyekuwa akizijua kamba zake kwa kupapasa, leo haiamini akili yake, kwa sababu mwanawe msomi alimwambia amesahau.

Nimeurekebisha mpaka. Mstari mmoja tu, kaka, kazi ya kupepesa jicho. Safu ya mama imetokea. Bi Mwanakombo nimemwonyesha, akalia, akasema atamwachia mwenzake mahali pake. Lakini mama sijamwonyesha. Nikimwonyesha mimi atasema nimekosea, maana mimi ni mwanafunzi na mwalimu wangu ni wewe. Neno lililomvunja lilitoka kinywani mwako, na litakalomuunga ni lako pia.

Mpigie. Usinitumie mimi salamu, mpigie yeye, umwambie: mama, hukusahau, mimi ndiye niliyedanganya. Nakupa mpaka bamvua lijalo, maji yatakapokupwa sana na kina mama wakashuka kupanda. Usipopiga, nitaibandika ramani kwenye ukuta wa banda la kikundi, na kando yake yale maneno yako, herufi kwa herufi. Kisha nitamketisha mama mbele na kumsomea kwa sauti.

Mdogo wako,
uliyemfundisha kuondoa boksi