Lenzi Yenye Jicho Pana

Mwanangu Sherzamin,

Maharage yako jikoni. Mlango usiuguse, jirani Bakhtrawan ameupasua kwa shoka asubuhi. Picha uliyosambaza ya mipichi yetu imemfikia. Ile lenzi pana imechukua mpaka juu ya paa lake, mkwewe, mke wa mwanawe, anaanika nguo kichwa wazi.

"Mtoe mwanao, dada, nimkate mkono."

Nikavua mtandio nikautupa miguuni pake. Kwa mila yetu mtandio wa mama hauvukwi, hata na mwenye hasira. Akashusha shoka, ila lenzi yako uliyoiacha nyumbani ameisaga kwa kisigino.

~~Kimbilia kwa mjomba.~~ Usikimbie. Ifute picha. Dukani chagua lenzi ya jicho dogo, inayotosha miti yetu tu.

Nampeleka kondoo kwao kuomba radhi. Nisiporudi hadi alasiri, uswali kwanza, kisha unifuate. Bunduki ya marehemu baba yako usiitafute, nimeificha.

Mama yako