Njoo Dada, Kunguni Wamekwisha

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepunguza ukorofi. Sisi huku hatujambo, tena hatujambo ya kweli, si ile ya funika kombe mwanaharamu apite. Mtoto ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea kama bibi kizee, ukimcheka anakufukuza chumbani. Shemeji yako naye ni mzima. Hapo najua umeshakunja uso. Ukunjue kidogo, nakuomba, usome mpaka mwisho, maana nina jambo nimelibeba kifuani mwaka mzima na leo nalitua.

Najua ulisema hutakanyaga nyumba ya mwanamume anayefukuza ndugu za mkewe. Ulimwambia kaka, kaka akaniletea maneno kama yalivyo, na wewe ukishasema umesema. Lakini mtoto haachi kuuliza mama mkubwa atakuja lini, na mimi majibu yameniishia. Ninachotaka kwenye barua hii ni kimoja tu, dada. Nataka uje.

Haya, nianze na la aibu. Tulikuwa na kunguni.

Najua umeirusha karatasi mezani. Iokote. Waliingia na kochi, lile la mtumba nililonunua kwa familia iliyokuwa inahama mtaa wa nyuma. Shemeji yako aliliinua upande mmoja, akachungulia chini, akasema moyo wake haulitaki. Nikamwambia yeye ni fundi wa mafriji, mambo ya makochi aniachie mimi. Ujuaji wangu unaujua. Baada ya wiki tatu mtoto akaamka na vipele vimepanga mstari mkononi, nikasema ni mbu. Nikaamka na vyangu shingoni, nikasema ni joto. Shemeji yako aliponionyesha mgongo wake nikasema labda sabuni imemkataa. Mpaka asubuhi moja nikageuza godoro nibadilishe shuka, nikakuta vitone vyeusi kwenye mshono, na katikati yake mdudu mwenyewe, bapa, ameshiba, hana hata wasiwasi. Nilikaa sakafuni nikalia, dada. Nililia kwa sababu yako. Wewe ndiye uliyenilea mama alipotutoka. Wewe ukiingia kwa mtu, hata hujakaa, kidole kimeshapita juu ya fremu ya mlango kutafuta vumbi.

Basi nikajifunga kibwebwe. Nilichemsha maji, nikafua kila kinachofulika, nikapiga pasi hata soksi. Miguu ya kitanda niliisimamisha kwenye makopo ya maji. Godoro nililianika nyuma ya nyumba, kwenye jua kali, na jirani alipochungulia juu ya ukuta kutaka kujua kulikoni, nikamwambia mtoto amekojoa. Mtoto alikuwa dirishani, akasikia. Alininunia siku mbili, na haki yake. Halafu nikanunua dawa ya kupuliza, ile ya kopo, nikapuliza chumba chetu mpaka sote tukakohoa. Kunguni wakahama. Wakaenda chumba cha mtoto na kwenye mapazia ya sebule, na wengine wakaamua kunifuata kazini.

Usicheke. Nilikuwa nimekaa kwenye dirisha langu la kuandikisha wagonjwa, mzee mmoja amenipa kadi yake, nikamwona mmoja anatoka kwenye mkono wa blauzi yangu na kutembea taratibu kuelekea kadi ya watu. Sikufikiri. Nilishika muhuri nikampiga nao. Mzee akaitazama kadi yake, tarehe imekaa vizuri na pembeni kuna doa jekundu, akauliza hilo ni la nini. Nikamwambia ni utaratibu mpya. Akashukuru, akaenda zake. Nilijifungia chooni nikacheka mpaka machozi yakageuka kuwa machozi kweli.

Tulikaa hivyo karibu mwaka mzima, tunawapunguza, wanarudi. Mwisho shemeji yako akasema yatosha, aibu haijawahi kuua kunguni, akamleta mtu wa dawa. Ni mama mmoja mrefu, ana sauti nzito, bomba la dawa liko mgongoni na tochi iko mdomoni. Aligonga kitanda kwa mpini wa bisibisi, akafungua skrubu moja, akamulika tundu lake, akaniita nione. Sitakusimulia nilichokiona. Nikaanza kujitetea kwamba nyumba yangu naifagia kila siku. Akanikata kauli, akasema kunguni hatafuti uchafu, anatafuta damu, na kwamba yeye ameshawatoa kwenye nyumba ya daktari na kwenye hoteli ambayo mimi na yeye hatuwezi kulala hata tukichanga. Kosa langu, akasema, ni kuficha na kupuliza ovyo, kwa sababu hivyo nilikuwa nawatawanya tu. Dada, sijui kama unaelewa maneno yale yalinifanyia nini. Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Alikuja mara tatu, kila baada ya wiki mbili. Kitanda kilivunjwa vipandevipande, nguo zikafungwa kwenye mifuko, kochi likachomwa moto na mimi mwenyewe ndiye niliyewasha kiberiti. Tumetandika shuka nyeupe makusudi, kila asubuhi tunazikagua kama polisi. Leo ni wiki ya saba tangu aje mara ya kwanza. Hakuna kitone, hakuna kipele. Tunalala, dada! Tunalala mpaka tunachelewa kazini.

Sasa lile lenyewe.

Mwaka jana uliponipigia simu kwamba unakuja kukaa nasi mwezi mzima, ilikuwa siku ya nne tangu nigeuze lile godoro. Niliingiwa na hofu, nikasema neno la kwanza lililonijia mdomoni: kwamba shemeji yako kwa sasa hataki wageni. Hakusema hivyo, dada. Hakuwahi kusema hivyo. Hata hakujua kwamba ulipiga simu. Nilimsingizia mume wangu ili usijue kwamba mdogo wako analala na kunguni. Nilidhani nitasafisha wiki mbili, nikuite, yaishe. Hayakuisha. Wewe ukamwambia kaka, kaka akamwambia shangazi, na siku ile tulipokusanyika kwa kaka, alipotoka hospitali, uligawa chai kwa watu wote ukampita yeye. Niliona. Nilikaa kimya na kikombe changu mkononi, nikanywa.

Alikuja kujua siku ya kwanza ya dawa. Yule mama aliuliza ni wageni gani wamelala kwetu mwaka huu, ili nao wakague nyumba zao. Nikasema hakuna hata mmoja. Shemeji yako alikuwa amepiga magoti anafungua kitanda, akaacha, akaniuliza polepole mbona kweli hata wewe dada huji siku hizi, na kama kuna kosa alikufanyia. Nikamwambia yote, palepale, nyumba imepinduliwa juu chini. Alifungua skrubu zilizobaki, moja moja. Nilitamani anifokee. Halafu akasema nisikwambie. Alisema yeye ni mtu wa kuja tu, ukimchukia hutapoteza kitu, lakini ukijua kwamba mimi ndiye niliyekudanganya utapoteza mdogo wako, na huna mwingine. Akasema jina baya keshalizoea, acha abaki nalo.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikubali. Wiki sita nzima nilikubali, nikaona heri, mambo yamepita, nyumba ni safi, dada nitamtafutia maneno matamu. Kilichonishinda ni jana. Nilirudi kazini nikamkuta uani, amechomelea kitanda cha chuma kwa vyuma vya mafriji yake mabovu, anakipaka rangi. Nikamuuliza ni cha nani. Akasema ni chako, chuma hakina pa kujificha mdudu, utalala kwa amani hata kama utakuja ukiwa bado umemnunia yeye. Kisha akaniuliza kama goti lako linapanda kitanda kirefu, au akikate miguu.

Niliingia ndani nikatafuta kalamu.

Hajui kwamba nakuandikia. Ukiwa na hasira, na unayo haki, nimiminie mimi zote, nimekulia mikononi mwako na ninazijua. Yeye mpigie simu, umjibu hilo la kitanda. Anasubiri, hataki kukata kabla hajajua.

Wasalimie kaka na shangazi, na barua hii wasomee kwa sauti, pasipo kuruka mahali. Mtoto anakusalimu kwa pengo lake. Mungu akuweke mpaka tuonane, na atujalie tuonane mapema.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea wewe, na nikamkosea yeye zaidi.